Ashoka, Asiye na Huzuni

Mtu aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja hakosi kumjua Ashok mmoja. Yuko nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa, au kwenye kibao cha daktari wa meno, au kwenye picha ya darasa ambayo wazazi wetu walipiga enzi zao. Tumelitamka jina hilo kama tunavyotamka Juma na Hamisi, na ni wachache waliowahi kumwuliza mwenyewe lina maana gani. Mimi niliuliza nikiwa mtu mzima. Jibu lilinitia hamu ya kumsoma mfalme aliyelipa jina hilo umaarufu wake, na hamu hiyo haijaniisha hadi leo, kwa sababu jina nililopewa mimi liko upande wa pili kabisa.

Kwa Kisanskriti, lugha kongwe ya Bara Hindi, shoka ni huzuni. Halina undugu na shoka letu la kupasulia kuni. Ile a inayotangulia ni ya kukanusha, kwa hiyo Ashoka ni asiye na huzuni. Ukichimba zaidi unakuta kwamba neno lenyewe limetoka kwenye mzizi wenye maana ya kuwaka, kuungua. Waliounda neno hilo waliijua huzuni kama sisi tunavyoijua tunaposema moyo unaniungua.

Jina lilivyopatikana linasimuliwa katika Ashokavadana, kitabu cha Kibudha kilichoandikwa kwa Kisanskriti karne kadhaa baada ya mfalme mwenyewe kufa. Kinasema mama yake alikuwa binti wa Brahmini kutoka mji wa Champa, mzuri mno, akapelekwa kwenye jumba la mfalme Bindusara. Wanawake wa jumbani wakaona wazi kwamba mfalme akimwona huyu, wao watasahauliwa. Basi wakamfundisha kazi ya kinyozi. Akawa anamnyoa mfalme na kumtengeneza ndevu, na mfalme hakujua kwamba yule anayemshika kidevu aliletwa kuwa mke. Siku alipopata nafasi ya kusema, alisema yeye ni nani, na mambo yakabadilika. Alipojifungua mtoto wa kiume alisema sasa hana huzuni tena, na mtoto akaitwa hivyo hivyo. Wa pili aliitwa Vitashoka, yaani huzuni imekwisha.

Ukilitazama vizuri, jina hilo halimhusu mtoto hata kidogo. Ni habari ya mama, ya miaka aliyopitisha na wembe mkononi. Nasi tunayo majina ya ukoo huo. Tabu, Shida, Mashaka, Sikujua, Masumbuko: aliyeyatoa alikuwa anasimulia siku zake, na mtoto akapewa ayabebe. Hata Furaha na Tumaini ni hali ya mzazi. Mtoto hukua ndani ya sentensi ambayo mtu mwingine aliianza.

Na sentensi hiyo haimlindi. Katika Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, Sita alipotekwa na Ravana na kupelekwa Lanka, aliwekwa kwenye bustani ya miti iitwayo ashoka. Ni mti wa kweli, unaotoa maua ya rangi ya chungwa inayoiva kuwa nyekundu, na chini ya mti huo wa kutohuzunika Sita alilia siku baada ya siku. (Ule mti mrefu mwembamba wenye majani yanayoning'inia, tunaoupanda kando ya kuta za nyumba zetu na ambao wauza miche huuita ashok, ni mti mwingine, ingawa nao umetoka huko huko.) Wazee wetu waliokuwa wakijazana kwenye majumba ya sinema kutazama filamu za Kihindi watamkumbuka Ashok Kumar. Jina la kuzaliwa lilikuwa Kumudlal Ganguly. Hilo la Ashok alilipata alipoingia kwenye filamu, katika miaka ya 1930. Tarehe 13 Oktoba 1987, siku yake ya kuzaliwa, mdogo wake, mwimbaji Kishore Kumar, alifariki dunia. Kulibeba jina hilo hakukumwepusha na siku kama hiyo.

Lakini nataka kurudi kwa mfalme, maana kwake jina hili lilipita mahali pagumu kuliko pote.

Ashokavadana inasema alipokuwa mkubwa ngozi yake ilikuwa ya kukwaruza, na wanawake wa jumba lake hawakupenda kumgusa. Kulikuwa na mti wa ashoka bustanini, naye aliupenda kwa kuwa ni somo wake. Siku moja wanawake hao wakaukata maua na matawi. Alipoamka na kuuona, aliwachoma moto wakiwa hai, wote mia tano, na watu wakaanza kumwita Chandashoka, Ashoka Mkatili. Baadaye, alipoishika njia ya Buddha, akaitwa Dharmashoka, Ashoka wa Uadilifu. Wanahistoria wanatuonya tusiimeze hadithi hii nzima, kwa sababu waliosimulia walikuwa na haja ya kumfanya mtu awe mbaya sana kwanza ili wongofu wake ung'are. Nakubaliana nao. Isitoshe, kuna ushahidi wenye uzito zaidi, na aliuacha yeye mwenyewe.

Ushahidi huo umechongwa kwenye miamba na nguzo, kutoka Afghanistan hadi kusini mwa India. Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kuusoma; watu walipita mbele ya zile herufi wakaziona kama mikwaruzo ya majini. Mwaka 1837 James Prinsep, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Calcutta, alizifungua herufi hizo. Akakuta mfalme anayejiita Piyadasi, atazamaye kwa wema, na kujisifu kuwa ni mpendwa wa miungu. Huyo ni nani? Mwanzoni Prinsep alidhani ni mfalme wa Sri Lanka. George Turnour, mtumishi wa serikali ya kikoloni kisiwani humo, ndiye aliyeonyesha kutoka kwenye tarikh za kale za Kipali kwamba Piyadasi na Ashoka ni mtu mmoja. Mwaka 1915 huko Maski, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Karnataka, likapatikana andiko lenye jina Ashoka lenyewe, na ubishi ukaisha.

Ashoka alikuwa mfalme wa tatu wa nasaba ya Maurya, mjukuu wa Chandragupta. Alitawala kutoka Pataliputra, mji ambao leo ni Patna, takriban kuanzia mwaka 268 hadi 232 KK. Miaka minane baada ya kutawazwa aliivamia Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki, sehemu kubwa yake ikiwa sasa jimbo la Odisha. Alishinda. Kisha akafanya jambo ambalo sijaona mshindi mwingine wa zama zake akilifanya: akachonga hasara aliyowatia wengine. Andiko lake la 13 kati ya yale makubwa ya miambani linasema watu 150,000 walihamishwa kwa nguvu, 100,000 waliuawa papo hapo, na waliokufa ni mara nyingi ya hao. Halikomei kwenye idadi. Linawataja watu waliokuwa wakiwaheshimu wazazi na walimu wao, waliokuwa wema kwa marafiki na watumwa wao, na vita havikuwabagua. Linaendelea mpaka kwa wale ambao hawakuguswa na upanga, lakini waliumia kwa sababu rafiki au ndugu ameguswa, na kwamba hilo nalo ni jeraha lao. Mfalme anasema hata sehemu moja kwa mia, hata moja kwa elfu ya mateso yale, sasa ingemlemea.

Nimelisoma andiko hilo mara nyingi katika tafsiri mbalimbali, na kila mara hapo kwenye rafiki na ndugu ndipo ninaposimama. Mfalme anayehesabu maiti wa vita tunaweza kumpata. Anayemhesabu mtu aliyebaki nyumbani akiwa mzima, ila amempoteza mwenzake wa utotoni, ni adimu.

Andiko hili lilichongwa mahali kadhaa, na maneno yanapishana kidogo kutoka mwamba hadi mwamba. Kule Shahbazgarhi, ambako leo ni Pakistan, neno lililotumika kusema kwamba mfalme ana majuto ni anusochana. Limezaliwa na mzizi ule ule uliozaa shoka, ule wa kuungua. Mtu ambaye mama yake alimwita Asiyeungua alikiri kwenye jiwe kwamba anaungua, na akatumia neno la ukoo wa jina lake.

Mimi naitwa Majuto.

Aliyenipa jina hilo ni baba. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na shamba la minazi upande wa Pangani, alilorithi kwa wazazi wake. Halikuwa kubwa, lakini lilimweka mjini kwa heshima. Mkwezi alikuja kwa zamu zake, nazi zikaangushwa, bibi akakaa kwenye mkeka akizihesabu mafungu, na vijana wakazifua kwenye kifuo mpaka makumbi yakawa kichuguu. Nyingine ziliuzwa mbichi, nyingine zikaanikwa mbata. Uzee ulipoanza kumshika alimkabidhi baba shamba alisimamie. Baba akaliuza. Hakumwambia. Alitaka kuingia ubia wa lori na rafiki yake, wabebe mizigo ya bara, na alikuwa na hakika kwamba ndani ya muda mfupi angerudisha minazi na kuongeza nyingine. Lori liliharibika, rafiki akahama mji, na fedha zikaenda na maji. Nilizaliwa wakati huo huo. Baba alinishika, akasema huyu ni Majuto, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwa hiyo nimeishi nikiwa andiko la baba. Kila aliponituma dukani, kila aliponiita nije kula, alilisoma kwa sauti. Majirani walilisoma. Mwalimu alilisoma kila asubuhi akiita majina, na mimi niliitika. Utotoni nililionea haya. Baadaye nilianza kulistahi, kwa sababu niliona wanaume wengi wa rika la baba waliopoteza mali za mama zao na dada zao na kuwapa watoto wao majina ya kifalme. Baba alichagua kuitwa Baba Majuto mbele ya mji mzima, nami sioni aibu kusema kwamba palihitajika moyo.

Bibi hakuniita Majuto hata mara moja. Aliniita mume wangu, kama bibi wengi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na mimi nikadhani ni utani wa kawaida tu. Alikuwa akinunua nazi gengeni, moja moja. Aliishika, akaitikisa sikioni kusikiliza maji, akaigonga kwa pingili ya kidole, akairudisha, akachukua nyingine. Alizijua nazi kwa namna ambayo mwuzaji mwenyewe hakuzijua. Alifariki nikiwa kijana.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa mzee, nilimwuliza.

"Baba, kuhusu lile shamba, bibi ulimwomba radhi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali lisilo na haja.

"Si nilikuita wewe Majuto, mwanangu?"

Sikuwa na la kuongeza, na hata leo siwezi kumshitaki kwa jibu lile. Aliamini kabisa kwamba amesema.

Ashoka naye aliamini amesema, na kwa haki ni lazima nikiri kwamba alitenda pia. Alichimba visima na kupanda miti ya kivuli kando ya barabara. Alipeleka mitishamba ya kutibu watu na wanyama mahali ilikokosekana. Andiko lake la kwanza ndilo linalonivutia zaidi, kwa kuwa linatuingiza jikoni kwake. Zamani, anasema, wanyama wasiohesabika walichinjwa kila siku kwa mchuzi wa jumba la mfalme. Sasa wanachinjwa watatu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku. Baadaye hao watatu nao hawatachinjwa. Mfalme mwingine angetangaza kwamba ameacha nyama, basi. Huyu anakiri kwamba bado ana tausi wawili chunguni. Napenda sana ukweli wa hesabu hiyo. Mtu anayebadilika kweli anajua amebakiza nini, anaweza kukutajia kwa idadi, na hajifichi nyuma ya ahadi yake.

Kuna mengine aliyobakiza ambayo hayapendezi. Kalinga hakuirudisha. Adhabu ya kifo hakuifuta. Aliwapa waliohukumiwa siku tatu, ili jamaa zao wapate kuwaombea au wao wajiandae na safari. Na ndani ya lile lile andiko la majuto anawageukia watu wa misituni na kuwaonya kwamba, pamoja na kujuta kwake, nguvu anazo, kwa hiyo wajirekebishe wasije wakauawa. Wapo wanaosoma onyo hilo na kusema majuto yote yalikuwa siasa. Mimi siendi mbali hivyo. Nimeishi na mtu aliyejuta kweli huku akiendelea kuwa mkali, mwenye kiburi na asiyependa kuulizwa, na sikuona kwamba la pili lilifuta la kwanza. Vyote viwili vilikula meza moja.

Linalonishinda ni Dhauli.

Dhauli ni kilima karibu na Bhubaneswar, mji mkuu wa Odisha, juu ya uwanda wa mto Daya. Hapo ni Kalinga yenyewe. Mwamba umechongwa nusu ya mbele ya tembo, kana kwamba anatoka ndani ya jiwe, na chini yake kuna maandiko ya Ashoka. Yapo pia Jaugada, upande wa kusini wa nchi hiyo hiyo. Ukiyasoma yote mawili, unakuta andiko la 13 halipo. Idadi za waliokufa hazipo, na majuto hayapo. Yaliyochongwa Shahbazgarhi, mbali sana kaskazini magharibi, kwa watu ambao hawakupoteza mtu Kalinga, hayakuchongwa mbele ya waliopoteza. Mahali pake pamewekwa maandiko mengine mawili, ya kuwaagiza maofisa wa mfalme wawe waadilifu, wasifunge watu ovyo, wasiwatese. Humo mfalme anasema watu wote ni watoto wake, na kama anavyowatakia mema watoto aliowazaa, ndivyo anavyowatakia wote.

Ni maneno mazuri, na kwa mtu aliyetawaliwa kwa mabavu yalikuwa na faida kubwa kuliko majuto: ofisa anayesomewa amri ya kutokufunga bila sababu huenda asikufunge. Huenda pia mfalme aliona kwamba kuwakumbusha watu vita vilivyowamaliza ni kutonesha kidonda, au kuwasha uasi. Sababu hizo naziona, nazo zina uzito. Hata hivyo siwezi kuzikubali. Aliyeumizwa anakijua kidonda chake, hahitaji kukumbushwa. Kuambiwa mimi ni baba yako na mtu aliyekuulia baba, kabla hajasema kwamba alimwua, ni jambo zito kulipokea, hata likitoka kwenye moyo safi. Kulisema kosa mbele ya dunia kunamtua msemaji mzigo wake. Mwenye hasara naye ana haki ya kuambiwa yeye, kwa sikio lake, akajibu anavyotaka, hata kama jibu ni kwamba hasamehi. Pengine hilo la mwisho ndilo tunalolikimbia. Mwamba haujibu, wala mtoto mchanga aliyepewa jina.

Bibi angeweza kujibu. Kwa jinsi ninavyomkumbuka, angemwacha baba aseme yote, angemsuta sawasawa, kisha angemwambia avute kiti ale. Hilo nalisema kwa kumjua, ingawa siku hiyo haikuja.

Mwishoni mwa yale maandiko ya Dhauli kuna agizo ambalo limenikaa kichwani. Ashoka anataka yasomwe kwa sauti katika siku za nyota ya Tishya, na baina ya siku hizo pia, pakitokea nafasi, yasomwe hata kama msikilizaji ni mmoja. Aliujua basi uzito wa mtu mmoja. Mjane wa Kalinga aliyeishi kijiji cha karibu na kilima kile aliweza kupanda siku ya Tishya, akaketi chini ya tembo wa jiwe, na ofisa akamsomea yeye peke yake maneno ya mfalme tangu mwanzo hadi mwisho: kwamba yeye ni mtoto wake, kwamba anamtakia heri ya dunia hii na ya ijayo. Wakati huo huo, kule Shahbazgarhi, mfanyabiashara aliyepita na punda wake aliweza kusomewa jinsi mfalme alivyoungua kwa ajili ya mume wa mama yule.